Spika ya Kati

Shemeji yangu, mume wa dada, mtaani wanamwita Besi, na jina hilo hakupewa bure. Akisikia wimbo kwa jirani hasemi ni mzuri au mbaya, anasema, "Hapo besi imekatwa." Mwaka ule nilikuwa nakaa kwao na habari za besi zilikuwa zimenifika hapa. Kwa hiyo aliponiomba nimsindikize dukani kuchagua spika za sinema ya nyumbani, nilikwenda shingo upande, nikijua nitasimama mpaka miguu iote mizizi.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mcheshi. Alitukalisha kwenye kochi na kutuambia tufumbe macho, kwa sababu spika hainunuliwi kwa sura. Besi alichagua mbili ndefu za mbele, mbili ndogo za kutundika ukutani nyuma ya kochi, amplifaya, na sabufa kubwa kama kigoda cha kukalia. Ikabaki ya kati.

"Hii ndiyo mdomo," muuzaji alisema. "Milio na mabomu yanatoka kwingine. Maneno ya watu yanatoka hapa. Chukua iliyo ndugu wa tumbo moja na hizo za mbele, zisije zikagombana."

"Ya kati ninayo nyumbani," Besi alijibu.

"Ya aina gani?"

"Ya marehemu baba."

Mama wa watu alicheka, akamweleza tena na tena. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Baba yake Besi, enzi za uhai wake, alikuwa mtangazaji wa vifo. Mtu akifariki, familia ilimwita, naye alipita mitaani na gari lake bovu lenye spika ya honi juu ya paa. Aligonga maiki kwa ukucha, akaipuliza, fff, kisha akasema, "Tangazo. Tangazo." Alitaja familia, akanyamaza kidogo ili watu wapate kutoka milangoni, ndipo akamtaja marehemu. Alipokufa yeye, gari liliuzwa kama vyuma chakavu. Honi ilibaki stoo.

Besi alikuwa na sababu yake, na kwa hilo nilimpenda pamoja na ubishi wake wote. Mama yake, ambaye sote nyumbani tulimwita Bibi, alikuwa amepoteza uwezo wa kusikia. Alikaa nasi mbele ya televisheni kwa ajili ya kampani tu, akitazama watu wakichezesha midomo. Besi aliamini kwamba kama kuna sauti ya kupenya masikio yale, itapitia honi aliyoizoea maisha yake yote.

Aliitengenezea kasha la mbao, akaliweka chini ya televisheni. Maelekezo yalisema spika ya kati itazame masikio ya msikilizaji, basi akaitegemeza kwa kipande cha ubao mpaka ikaelekea kochini barabara. Pale alikaa Bibi, na magotini pake mjukuu wake Kidoti, mtoto wa dada, aliyekuwa ameshapita umri wa kuanza kusema lakini hajatoa hata neno moja.

Bibi alipapasa mdomo wa honi.

"Umeielekeza wapi?" akauliza.

Besi alimwonyesha kwa kidole: kwako.

Bibi hakucheka. Alisema mumewe hakuwahi kuielekeza honi ile nyumbani kwake. Akiingia mtaa wao alizima. Akifa mtu wa mtaa uleule, alisimamisha gari kwenye kona, akaligeuza, akatangaza kwa kuipa nyumba yake mgongo. Majirani walidhani ana maringo.

Besi alimwinamia sikioni akapaza sauti. "Mama, hayo yalikuwa ya misiba! Hii ni ya sinema!"

Tukawasha. Kwenye sinema mtu mmoja alimwambia mwenzake, "Funga mlango, baridi inaingia." Bibi akageuka kutazama mlango wetu.

"Mbona umefungwa?" akasema.

Dada alilia pale pale. Besi alitoka nje, akajifanya anatafuta bisibisi. Ile wiki ilikuwa ya furaha ambayo sijaiona tena katika nyumba ile. Bibi alicheka, akawatukana majambazi wa kwenye sinema, akatuuliza kwa nini wanawake wa siku hizi wanasamehe upesi hivyo.

Mchana mmoja tulikuwa jikoni, dada na mimi. Televisheni ilikuwa imezimwa. Bibi aliita kutoka sebuleni.

"Fundi viatu wa kwenye kona amefariki. Maziko kesho."

"Nani kakwambia?" dada alimwendea akamuuliza kwa ishara.

"Baba yenu kapita sasa hivi."

Tukatazamana. Tukasema uzee ni mzigo. Jioni habari ikaja: fundi viatu alikuwa ameinamia kiatu cha mteja na hakuinuka tena. Nilijiambia Bibi alisikia kwa wapita njia. Kisha nikakumbuka kwamba Bibi hasikii wapita njia.

Mara ya pili nilisikia mwenyewe. Nilikuwa nafagia sebule, jua limeingia mpaka katikati ya chumba. Waya wa amplifaya nilikuwa nimeuchomoa ili nifagie vizuri. Ukucha ukagonga. Fff.

"Tangazo. Tangazo."

Ilikuwa sauti ya mzee mpole, asiye na haraka.

"Familia ya fundi bomba, nyumba yenye geti la kijani, inasikitika..."

Fagio likaniponyoka. Bibi, pale kochini, alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Nilikimbilia dirishani. Fundi bomba alikuwa anapita na mabomba yake begani. Alinipungia mkono. Nami nikampungia, na nilishindwa kumwita.

Hakuamka kesho yake.

Geti la kijani ni nyumba ya jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Nilimshika dada mkono. "Anakaribia," nikamnong'oneza.

Besi hakubisha, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana shemeji yangu hubishia hata mvua. Alikata waya wa spika ya kati, akalibeba kasha ili akalitupe. Bibi akamshika mkono.

"Ukiitoa hiyo unanizika masikio upya," alisema. "Mwanangu, nimekaa kimya muda mrefu."

Besi alishindwa. Mtu angefanya nini mbele ya mama yake? Alirudisha kasha chini, akalikumbuka lile la baba yake la kuipa nyumba mgongo. Akaligeuza likatazama ukutani. Sote tulishusha pumzi.

Baada ya chakula cha mchana tulikaa sebuleni. Mtaa ulikuwa kimya.

Ukucha ukagonga.

Fff.

"Tangazo. Tangazo."

Sauti ilitoka upande wa ukuta, nzito, kama mtu anayesema ndani ya mto.

"Familia ya marehemu mtangazaji..."

Ikanyamaza. Ule unyamavu wake. Ule wa kusubiri watu watoke milangoni.

Dada aliruka. "Kidoti!" alisema. "Kidoti amelala upande ule."

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na chumba cha mtoto. Honi ilikuwa imemwelekea kitandani.

Dada alikimbilia chumbani. Besi alimfuata mpaka mlangoni. Mimi nilibaki kochini. Aliyeliendea kasha ni Bibi. Mzee yule ambaye tulimshika mkono kwenda chooni alipiga magoti, akalikumbatia kasha, akalivuta, akaligeuza. Akaketi nalo sakafuni, mdomo wa honi kifuani pake.

"Mzee," alisema. "Ni mimi. Niko hapa. Maliza."

Ikamaliza. Ilimtaja kwa jina lake la usichana, ambalo hata Besi hakuwahi kulisikia. Ikasema maziko ni kesho alasiri.

"Nimesikia," Bibi alijibu.

Aliegemeza shavu kwenye mbao. Tulipomfikia, Besi na mimi, alikuwa ameshaondoka.

Besi alikuwa bado anamwita mama yake sikioni mlango ulipobishwa. Majirani, wengi, wamekuja kutoa pole. Hatukuwa tumemwambia mtu. Mke wa fundi bomba, naye akiwa na msiba wake mwenyewe, alisema wamesikia gari la matangazo kwenye kona. Lilisimama, likageuka, likatangaza kwa kuipa nyumba yetu mgongo.

Tulimzika alasiri ya kesho yake. Besi alichimba shimo jingine, nje ya mji, akaifukia honi mdomo ukiwa chini. Hakuzungumzia besi tena. Zile spika nyingine zilirudi dukani.

Ningependa niishie hapo. Bibi alimwokoa mjukuu wake, nasi tungemshukuru na kuendelea na maisha.

Lakini wiki iliyofuata Kidoti alianza kuonyesha dalili za kusema. Hilo tulilisubiri sana. Dada alikuwa ameshampeleka kwa madaktari. Tulikuwa mezani. Mtoto aligonga meza kwa ukucha. Akapuliza, fff. Kisha akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja, baba yake, mama yake, mimi, kama anayechagua. Akafungua mdomo.

Dada alimwahi kwa kiganja.

Hufanya hivyo mara kwa mara sasa. Anayekuwa karibu naye ndiye anayemziba. Mtoto hasumbui, wala halii. Hutulia tu na macho yake makubwa juu ya kiganja, akisubiri tuchoke.