Siku Ndefu za Mama Cornelia

Chwa, chwa, chwa.

Ilikuwa sauti ya ufagio. Bado kulikuwa na giza, na upepo wa Ufipa ulikuwa mkali. Mama Cornelia alikuwa anafagia uwanja wa nyumba ya mwanawe, Philipo, pale Katandala, mjini Sumbawanga. Alifagia polepole ili asimwamshe mtu.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Happy, mke wa Philipo, alitoka amejifunga kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Lakini mama, ufagio tena? Na baridi yote hii?"

"Nimebakiza kona hii tu."

"Hata kona, mama. Umelima miaka yote. Sasa pumzika."

Happy aliuchukua ufagio taratibu. Akamwingiza mama ndani, akampa maji ya moto ya kunawa, akamfunika miguu kwa blanketi. Happy alikuwa mtu wa Mbeya. Mama yake mzazi alifanya kazi mpaka mgongo ukapinda, akafa kabla ya kupumzika. Kwa hiyo Happy alijiambia kwamba mama mkwe wake hatachoka tena. Lilikuwa neno la upendo, na alilishika.

Asubuhi Philipo alikwenda kwenye duka lake la pembejeo. Happy alikwenda kazini, ofisi ya kata. Mtoto wao Gabriel alikuwa shule ya bweni. Kabla ya kuondoka, Happy alijaza chai kwenye chupa, akafunika chakula mezani, akawasha televisheni. Kisha geti likafungwa.

Mama Cornelia alibaki amekaa.

Kijijini kwake, Kaengesa, alikuwa na shamba la ulezi. Alijua kutengeneza matuta ya mviringo na kufukia nyasi chini yake, zioze ziwe mbolea. Watu walimwita wakitaka kujua mbegu nzuri. Mume wake, Baltazari, alipofariki, Philipo alikuja kumchukua. Hakutaka mama yake aishi peke yake. Huo nao ulikuwa wema.

Lakini mjini siku zilikuwa ndefu. Televisheni iliongea, naye hakuwa na wa kumjibu. Nje watu walipita wakicheka, pikipiki zikapita, kisha kimya. Mama Cornelia alitazama mikono yake. Ilikuwa imeanza kuwa laini, na hakuipenda.

Ufagio hakuushika tena. Kisha akaanza kuacha chakula.

"Mama, hujala," Happy alisema jioni moja.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Chakula cha mchana kipo vilevile."

"Basi nitakula kesho."

Usiku hakulala vizuri. Mchana alisinzia kwenye kiti. Walimpeleka hospitali. Akapimwa malaria, sukari na presha. Vyote vilikuwa vizuri. Philipo alifurahi, lakini mama yake aliendelea kukonda.

Siku moja Philipo alimsikia mtu akizungumza redioni. Jioni akaketi karibu na mama yake.

"Mama, kumbe furaha ni kuchagua. Mtu akiamka anaamua tu, leo nitafurahi. Jaribu, mama."

"Haya, baba. Nitajaribu."

Alijaribu kweli. Kesho yake alitabasamu wakati wa chai. Alitabasamu wakati wa chakula. Philipo alimwambia mkewe, "Unaona? Imesaidia." Lakini Happy alipokwenda kutoa vyombo, alimkuta mama peke yake, tabasamu limeisha na machozi yanashuka. Sasa mama alikuwa na huzuni mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani. Ya pili ni kuona kwamba ameshindwa hata kuchagua.

Baada ya siku chache alimwita mwanawe.

"Philipo, nirudishe Kaengesa. Nikafie kwenye nyumba ya baba yako."

"Mama, ile nyumba paa limeanguka upande mmoja. Nani atakupa hata maji?"

"Sihitaji maji mengi."

Happy aliingia jikoni akalia. Aliogopa mama atakwenda na kufa kweli. Kesho yake, kabla ya kazi, alikwenda kwa Salome, mhudumu wa afya wa mtaa wao.

Salome alikuja jioni. Hakuanza na maswali. Aliamkia, akavua viatu, akaketi mkekani karibu na kiti cha mama.

"Mama, ukishakunywa chai asubuhi, unafanya nini?" aliuliza.

"Ninasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Jioni."

"Na jioni ikifika?"

"Ninasubiri kulala. Usingizi wenyewe hauji."

Salome aliitikia kwa kichwa. "Nitakuuliza jambo zito, mama, usinikasirikie. Huwa unatamani usiwepo? Au unawaza kujidhuru?"

Philipo alitaka kumkatiza, lakini Happy alimshika mkono.

"Kujidhuru hapana," alisema Mama Cornelia. "Ninawaza tu kwamba nikiondoka, hakuna kazi itakayosimama."

Happy aliinamisha kichwa.

"Asante kwa kuniambia," alisema Salome. "Wazo hilo likigeuka, ukaanza kutaka kujidhuru, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu siku hiyohiyo. Na ninyi mkisikia neno kama hilo, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali."

"Lakini ana nini?" aliuliza Philipo. "Vipimo vyote ni vizuri."

"Huzuni ikikaa wiki mbili au zaidi, mtu akakosa usingizi, akakosa hamu ya kula na ya mambo aliyoyapenda, inaweza kuwa ugonjwa. Unaitwa sonona. Si uvivu, si kurogwa, wala si kwamba hasali vya kutosha. Unatibiwa."

"Na ile ya kuchagua furaha?"

"Shemeji, ukiumwa jino unachagua lisiume?"

"Hapana."

"Na huzuni ni hivyohivyo. Huwezi kuiamuru itoke. Lakini kuna vitu vidogo unaweza kuchagua hata ukiwa na huzuni. Kutoka ukaota jua. Kula kidogo na wenzako. Kufanya kazi moja unayoiweza. Kuzungumza na mtu mmoja. Furaha huja yenyewe polepole, na siku nyingine haiji. Siku hiyo usijilaumu." Kisha akamgeukia mama. "Nani huja kukuona hapa?"

"Hakuna. Mjini watu hawatembeleani. Mimi ni mgeni."

Happy alianza kusokota ncha ya kitenge chake.

"Mama," alisema, "walikuja."

"Nani?"

"Akina mama wa jumuiya ya kanisa lenu. Walikuja Jumamosi moja, wakarudi tena nyingine. Mimi nilitoka getini nikawaambia mama amelala, anapumzika. Baadaye wakaacha kuja."

Mama Cornelia alimgeukia mkwewe. Kumbe alikuwa ametafutwa. Watu walikuwa wamejua kwamba yupo.

"Walikuja," alisema polepole.

"Nisamehe, mama. Nilidhani ninakulinda wasikuchoshe."

"Najua, mwanangu. Ulinifunika miguu kila siku. Najua." Kisha akasema, "Lakini nimechoka kwa kupumzika."

Salome alicheka kidogo, na Happy akacheka huku akifuta macho.

Usidhani mama alipona siku ile. Kesho yake alilala ameelekea ukutani, akakataa hata kwenda kliniki kama Salome alivyoshauri. Happy hakumlazimisha wala hakumwambia atabasamu. Alileta ungo na ulezi, akaketi mlangoni, akaanza kupepeta. Alipepeta vibaya sana. Makapi yalimrudia usoni na ulezi ukamwagika chini.

Mama Cornelia alivumilia, akavumilia, kisha akageuka.

"Unalisha kuku au unapepeta?"

"Napepeta, mama."

"Lete hapa. Huko Mbeya hamna upepo?"

"Upepo upo, mama. Walimu ndio hawapo."

Siku ile mama alipepeta ulezi wote. Jioni alikula ugali wake nusu. Siku iliyofuata alikubali kwenda kliniki pamoja na Salome. Mganga wa kliniki alimsikiliza bila haraka, akampa dawa na tarehe ya kurudi. Akamwambia dawa huchukua wiki kadhaa kusaidia, na asiiache bila kuuliza.

Happy aliwaomba akina mama wa jumuiya waje tena, na Jumamosi geti liligongwa. Happy alifungua mwenyewe, akafungua wazi kabisa. Alikuwa Mama Fabiani, jirani wa nyumba ya pili, kiongozi wa jumuiya. Alimsalimia Mama Cornelia kwa Kifipa, na kwa mara ya kwanza tangu aje mjini mama alijibu salamu ndefu ya kwao, mpaka mwisho wake.

"Tulidhani mkweo amekufungia bandani kama kuku wa kisasa," alisema Mama Fabiani.

"Kuku wa kisasa hula," alisema Happy. "Huyu alikuwa hali."

Wote watatu walicheka. Kisha Mama Fabiani akasema, "Sikuja kwa chai tu. Tuna mgonjwa, Mzee Raymond. Alikuwa karani, mtu wa Mbeya. Mke wake alifariki, watoto wako mbali, macho yamefifia. Tukimtembelea anatufokea. Uji wetu anasema ni wa unga wa dukani. Wewe unajua ulezi."

Mama Cornelia aliitazama mikono yake. "Ninajua," alisema.

Alhamisi walikwenda. Mzee Raymond alikuwa ameketi gizani, madirisha yamefungwa. Mama Cornelia alifungua dirisha moja bila kuomba ruhusa. Akapika uji, akampa.

Mzee alionja. "Una mchanga."

"Hauna. Ni meno yako."

"Sina meno."

"Basi huo mchanga umeusikia kwa kitu gani?"

Mama Fabiani aliziba mdomo kwa khanga. Mzee akanywa uji wote.

Tangu siku ile Mama Cornelia alikwenda kwake kila Alhamisi. Nyumbani, kazi ya kupepeta na kupika ulezi ikawa yake, na Happy akawa mwanafunzi. Kliniki alirudi kama alivyoelekezwa. Kuna asubuhi ambazo moyo bado ulikuwa mzito kama gogo. Asubuhi hizo alisema wazi, "Leo sijisikii vizuri," na Happy alimjibu, "Haya, mama, tukae juani." Philipo hakumwambia tena achague furaha. Alimuuliza usiku umekuwaje, akasubiri jibu.

Jioni moja Philipo alisema, "Mama, nimepata gari la rafiki yangu. Bado unataka nikurudishe Kaengesa?"

Mama alifikiri. "Nipeleke nikasafishe kaburi la baba yako, nichukue na mbegu. Kisha tugeuze. Huku nina kazi."

Alhamisi kabla ya safari alikwenda kwa Mzee Raymond kama kawaida. Mzee alikunywa uji wote. Hakulalamikia mchanga. Mama alipokuwa anaosha kikombe, mzee alisema, "Nimesikia unarudi kijijini."

"Nilitaka kurudi kabisa. Sasa ninakwenda kuona kaburi la mume wangu, halafu ninakuja."

Mzee alipapasa ukingo wa kiti. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye lile dirisha.

"Barabara ya Kaengesa ina vumbi," alisema. "Utakuwa umechoka. Lakini ukirudi, usipitilize mpaka kwa mwanao. Anzia hapa. Tafadhali, mama. Anzia hapa kwangu."