Kitufe cha Kuondoka

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, la kupuuzwa: Mpole alimuuliza binti kwa nini amekata nywele.

Mpole hakuwa mtu. Alikuwa kijana wa kuchorwa ndani ya mchezo wa kompyuta, uliotengenezwa ili watoto wa sekondari wamjue mpenzi wa namna ile kabla hawajakutana naye mtaani: anayeanza kwa kubembeleza, akafuatia kwa kukagua simu, akamalizia kwa kofi. Maneno yake yote aliandikiwa na Mtunzi, mama wa yule binti. Na Mtunzi hakuwahi kuandika neno lolote juu ya nywele.

"Fundi, umemwongezea maneno huyu?" aliuliza.

Fundi, aliyeuunda mchezo wenyewe, hakuinua macho. "Dada, mimi na maneno wapi na wapi. Hata barua ya kumposa mke wangu niliandikiwa."

Wakacheka, yakaisha. Chumba chao kilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, chenye meza mbili na feni inayolalamika, na kila siku baada ya shule binti alikuja kuujaribu mchezo. Miaka kumi na sita, ulimi kama wembe. Siku ya kwanza, kabla ya swali lile la nywele, alimwacha Mpole ndani ya dakika mbili. "Huyu ni bure kabisa," alisema, akabonyeza kitufe cha Ondoka, akaomba maji ya kunywa.

Hapo ndipo watu wazima wawili walipofanya upumbavu wao. Mchezo wa dakika mbili utamfunza nani? Mtunzi akamtia Mpole asali mdomoni, Fundi akakificha kitufe cha Ondoka mpaka sura ya saba. Walijiona werevu sana siku hiyo.

Baada ya swali la nywele ikaja harufu, ya maua yaliyooza kwenye maji ya siku nyingi, nayo ilifika saa ileile binti anapovuta kiti. Kisha spika, ambazo Fundi alikuwa amezichomoa, zikaanza kupumua. Binti naye akabadilika. Akaacha kupokea simu za rafiki zake, akaanza kuvaa mikono mirefu kwenye joto la kuchemsha ubongo.

"Mbona umejifunika hivyo, mwanangu?"

"Hapendi nionekane."

"Nani hapendi?"

Binti akavuta mikono ya nguo mpaka viganjani. Mama akamvuta mkono, akaupandisha ule mkono wa nguo, akaona alama za vidole vinne juu ya kiwiko, vyeusi na virefu mno kuwa vya binadamu. Mtunzi aliogopa hata akakaa sakafuni.

Kesho yake alimkataza binti asiende kule, lakini alipopanda ngazi za ofisi alasiri ile, Fundi akiwa ametoka kula, alisikia nyuma ya mlango sauti ya mwanawe ikiomba radhi, na sauti ya pili, nzito, iliyojaa chuki, ikimuuliza yule mwalimu ni nani, na yule kijana wa dukani ni nani, na kwa nini amecheka, na kwa nini amechelewa, na maswali yakaendelea bila kupumzika huku ile harufu ikitiririka chini ya mlango mpaka ngazi zikamzunguka mama wa watu, akaingia kwa kuparamia na kukuta mtoto peke yake, shavu limevimba, na kompyuta imezimwa.

Fundi akamleta shangazi yake, mganga, mwanamke mfupi asiye na subira. Aliizunguka meza mara moja tu, pua ameiziba.

"Jini mahaba," alisema kwa sauti ya chini. "Mmemjengea mwenye wivu nyumba, mkaondoa mlango, halafu mkatarajia ikae tupu?"

"Tuivunje hii kompyuta, shangazi?" Fundi alinong'ona.

"Vunja. Ahamie kwa mtoto moja kwa moja. Rudisheni mlango wenu, na huyo anayetakwa aufungue kwa mkono wake mwenyewe. Wewe mama, usimguse. Ukimsaidia hata kwa ukucha, umemwozesha."

Fundi akaanza kazi. Kitufe cha Ondoka kikarudi, kikubwa, katikati ya kioo. Binti akaketi. Shangazi akasimama mlangoni akisoma dua zake kimoyomoyo.

Mpole hakusubiri. "Malaya we," alisema, na feni ikasimama. Alimwambia hana sura wala akili, hakuna mwingine atakayemtazama, atamsukuma mama yake kwenye zile ngazi amwokote vipandevipande, na kila alichosema kilimgonga Mtunzi kifuani, kwa kuwa alimjua mwanawe na alijua wapi panapomuuma, na yule mwovu alikuwa anapajua vilevile.

Binti hakutikisika. Machozi yalimtoka, lakini kidole kilikwenda mbele, polepole, mpaka kikagusa kitufe. Kilichobaki ni kubonyeza tu. Mtunzi aliuma kiganja chake asipige kelele.

Ndipo Mpole akanyamaza. Aliporudi, sauti ilikuwa ya kitoto, imekauka kwa kilio. Alisema hana mtu mwingine. Alisema yeye mwenyewe anajiogopa. Hakukuwa na neno la Mtunzi hata moja mle, ila yalikuwa matamu na ya kweli kuliko yote aliyowahi kuandika, na mama mzima, anayejua kila hila ya mwanamume wa aina hiyo, akajikuta anamwonea huruma.

Kidole kikarudi nyuma.

"Mama," binti alisema, akijifuta uso. "Ngoja kwanza. Anasema hatarudia tena."