Kila Mmoja Nani?

Kila siku akirudi kutoka shuleni Mwabungo, Twaiba huvua sare, husali alasiri, kisha humsaidia mamake jikoni. Siku hiyo alitangulia kufungua daftari, maana hesabu moja ilimkaa rohoni.

Mwalimu Kalama alikuwa ameandika ubaoni: 12 ÷ (x − 3). "Kila namba mnayoiweka mahali pa x hutoa jibu moja tu," alisema. "Lakini iko namba moja inayokataa kuingia. Kesho atakayeitaja na kueleza sababu atajiunga na timu ya hesabu ya kwenda mashindanoni Matuga." Twaiba aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote.

Aliweka tano, akapata sita. Nne ikampa kumi na mbili. Alipoweka tatu, simu ya kaka yake ikaandika "Kosa". Alijaribu tena, ikaandika vilevile. Kwa nini? Aliandika sifuri, akafuta, akaandika kumi na mbili, akaandika sifuri tena. Kichwa kilimzunguka.

"Mbona umenuna?" mama yake, Bi Hafsa, aliuliza huku akiepua kaimati.

Twaiba akamweleza.

"Hizo x zenu sizijui. Nambie kwa vitu."

"Haya. Kaimati ni kumi na mbili. Tuko watano, watatu wamefunga saumu."

"Wawili watakula sita sita."

"Tukiwa watatu, na wote watatu wamefunga, kila mmoja atapata ngapi?"

Bi Hafsa akasita. "Kila mmoja nani?"

"Wanaokula."

"Si umesema hapana anayekula?"

"Basi sifuri."

"Sifuri kapewa nani, mwanangu? Na kaimati zote si hizi hapa bakulini?"

Twaiba aliifuta ile sifuri daftarini, akacheka peke yake.

Kesho yake rafiki yake Mwinga alikuwa wa kwanza kuinua mkono. "Ni tatu, mwalimu. Jibu lake ni sifuri."

"Ni tatu, lakini haitoi sifuri," Twaiba alisema. "Haitoi chochote, maana hapana wa kugawiwa." Aliogopa kuikosa nafasi, lakini akaendelea. "Hata mimi jana niliandika sifuri, mwalimu. Mama ndiye aliyenifumbua macho."

Mwalimu Kalama aliandika ubaoni: namba zote zaruhusiwa, isipokuwa tatu. Kisha akaandika jina la Twaiba kwenye orodha ya timu.

"Kusema 'hili halina jibu' baada ya kulitafuta si kushindwa," aliwaambia. "Kushindwa ni kuandika sifuri ili ukurasa usionekane mtupu."