Mgeni Aliyefutwa

Saa kumi na dakika tano alasiri, harufu ya udi ilitoka tena kwenye feni ya kompyuta ya Anselm. Ofisi yao mtaa wa Queensbury, madirisha hayafunguki, nani wa kufukiza udi? Akafungua kumbukumbu za seva, akasonya. "Amethibitishwa: mgeni."

Mgeni gani, jamani, na alishamfuta! Seva hiyo, aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Java, ilitunza mafaili ya wagonjwa. Kila programu ya kliniki iliyobisha hodi ilitakiwa kuonyesha jina na neno la siri kabla ya kuhudumiwa. Wakati wa majaribio Anselm, kwa uvivu wake, alitengeneza jina "mgeni", neno la siri "karibu". Jumatatu akalifuta. Akabadili funguo zote, akaizima seva na kuiwasha mara nne, akashinda na njaa, na bado kila alasiri mgeni aliingia, akafungua faili la mgonjwa mmoja tu, na kesho yake kliniki ikapiga simu kusema mgonjwa huyo amefariki.

Wamekufa watatu sasa. Leo lililofunguliwa lilikuwa la Placida, mkewe.

Anselm akachomoa waya wa mtandao, lakini maandishi yakaendelea kushuka kwenye skrini, mgeni, mgeni, mgeni, na udi ukamkaba koo, na nyuma ya shingo yake akasikia mtu akivuta pumzi taratibu kama anayesoma pamoja naye, na alipogeuka hakuona mtu ila Bi Najla, mhasibu wao Mzanzibari, kasimama kule mlangoni kaziba pua kwa mtandio.

"Ulimwambia karibu?" Bi Najla alinong'ona.

"Ni neno la siri tu, Bi Najla! La majaribio!"

"Umeshamkaribisha. Kufuta jina hakumtoi, mwanangu. Muage kwa mdomo wako."

Anselm alijiona mjinga, mhandisi mzima na digrii zake mbili, lakini aliinamia skrini. "Kwaheri. Nenda zako, tafadhali."

Maandishi yakakoma. Udi ukakatika. Anselm akacheka huku machozi yakimtoka. Simu ikaita. Alikuwa Placida, yuko nyumbani Thornton Heath.

"Baba Noel, mgeni uliyemtuma kafika. Nimemhoji mlangoni kama ulivyonifundisha, kajibu yote: jina langu kamili, tarehe ya kuzaliwa, mpaka namba yangu ya kliniki. Nikamwambia karibu. Yuko sebuleni, udi wake umejaa nyumba nzima."