Stuli ya Marehemu na Mgongo wa Mama Sindano

Kila asubuhi Mama Sindano aliifuta vumbi stuli ya marehemu mumewe, kisha akaipanda. Naam, aliipanda, maana mumewe alikuwa mrefu kama mlingoti, naye Mungu alimjalia ufupi. Miguu ilifika kwenye kanyagio la cherehani kwa ncha za vidole tu. Basi alikaa ukingoni, mgongo umepinda, akashona kutwa. Kiuno kikimuuma, alikikaza kwa kitambaa.

"Mama, tutafute stuli nyingine," binti yake alimwambia.

"Baba yako alikaa hapa. Nami nitakaa hapa hapa." Alimkumbuka mno mumewe.

Siku moja mguu wake wa kushoto ulikufa ganzi, akashindwa kusimama. Binti akamkimbilia jirani yao muuguzi.

Muuguzi alimpapasa mgongo taratibu. Kisha akachukua vigurudumu vya uzi mezani, akavitunga kwenye uzi mwekundu, na kati yake akaweka vipande vya kitambaa.

"Mama, uti wa mgongo si mfupa mmoja. Ni pingili nyingi. Zinabeba kichwa na kifua, na ndizo zinazokuwezesha kuinama na kugeuka. Kati yake kuna vitu laini kama hivi vitambaa, ili mifupa isisagane."

"Na huu uzi?"

"Humo ndani hupita mishipa ya fahamu. Inapeleka habari kutoka kwenye ubongo hadi miguuni."

Akavipinda vigurudumu. Kitambaa kimoja kikachomoza, kikaubana uzi.

"Ukikaa umepinda miaka nenda miaka rudi, inaweza kuwa hivi. Leo hii twende hospitali wakupime. Ila stuli hii, mama, itakulaza kitandani."

Mama Sindano akalia. "Nikiitoa, nitabaki na nini cha kwake?"

"Nani kasema uitoe? Ikate miguu."

Hospitali walimpa dawa na mazoezi. Seremala naye alipokuja na msumeno, mama aligeuza uso ukutani.

Ganzi ilipoisha, alirudi kazini. Nyayo zilitulia zote kwenye kanyagio, mgongo ukanyooka. Akiinua furushi, alikunja magoti kwanza. Akichoka kukaa, alisimama akatembea kidogo.

Siku hiyo ya kwanza aliinua macho. Dirishani alikiona kichochoro alichopitia mumewe akirudi nyumbani kila jioni. Tangu afiwe, kichwa chake kilikuwa chini, hakuwahi kukiona akiwa kazini. Alikitazama kitambo, moyo ukimuuma sana. Kisha akakanyaga kwa miguu yote miwili, na cherehani ikaenda.