Kanyaga, Shikilia, Achia

Jua lilikuwa linazama nilipomaliza kufunga kalipa, vile vyuma vinavyobana breki, kwenye gari la marehemu kaka yangu. Nilikuwa nimezifumua zote mbili za mbele juu ya meza ya jikoni, mke wangu akanuna. Nikasafisha pistoni, nikaweka raba mpya. Sikusomea ufundi. Ila mtaani wananiita Injinia, na jina lile lilinivimbisha kichwa.

Asubuhi shemeji yangu, mjane wa kaka, angekuja kuchukua gari kupeleka watoto shule. Breki zilipaswa kushika.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mke wangu akakaa kwenye usukani, mimi nikalala kando ya gurudumu.

"Kanyaga."

Nyiii... pedali ikalia.

"Shikilia."

Nikalegeza skrubu ya kutolea upepo, mafuta yakachuruzika, nikakaza.

"Achia."

Tulirudia mpaka giza likaingia. Nikasikia harufu ya sigara. Kwetu havuti mtu.

"Imekaza?" nikauliza.

"Bado laini," alininong'oneza. Sauti nzito, nikadhani ana mafua.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mke wangu akatoka na tochi.

"Baba watoto, unaongea na nani? Si nilikuambia naenda kuepua sufuria?"

Nyiii...

Tochi ikamulika gurudumu, nami nikaona. Skrubu ilikuwa chini ya kalipa. Inatakiwa iwe juu, maana upepo hukaa juu. Kalipa ya kulia ilikuwa kushoto, ya kushoto kulia. Nilikuwa nimezirudisha vilevile nilivyozikuta.

Na aliyezifunga mara ya kwanza ni mimi.

Siku ile kaka aliniambia, "Pedali bado laini." Nikamjibu, "Utaizoea." Kesho yake akashindwa kusimama mteremkoni, akafa. Watu wakasema karogwa na bibi jirani, wakamfukuza na kigodoro chake. Mimi niliitikia. Mungu anisamehe, niliitikia.

Nikazibadilisha kalipa, kila moja upande wake. Mke wangu alikataa kuingia garini. Hakuhitajika. Kila niliposema kanyaga, pedali ilikanyagwa.

"Imekaza," sauti ile ikanong'ona.

Asubuhi shemeji alipakia watoto kiti cha nyuma, akajaribu pedali, kisha akashuka kunishukuru.

"Ahsante, shemeji. Sasa ni ngumu kabisa. Ila nani amerudisha kiti nyuma hivyo? Marehemu tu ndiye alikaa hivyo." Machozi yakamlenga. "Yule bibi mchawi, Mungu atamlipa."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ni mimi, si bibi wa watu. Badala yake nikamwitikia kwa kichwa, kama siku zote.

Nyuma yake, taa za breki zikawaka.

Zikazima.

Zikawaka tena, zikabaki zinawaka. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, na funguo zilikuwa mkononi mwa shemeji.