Wembe Mmoja, Watu Watatu

Jambo la kwanza aliloliona Yuster lilikuwa dogo. Baba yake, ambaye yeye humwita Tata, hakugusa kahawa.

Nyumbani kwao Hamugembe, mgeni akifika huletewa kahawa kavu za kutafuna. Tata, yaani Mzee Kahigi, huwa wa kwanza kuchota. Jumapili hiyo alisukuma kisahani pembeni.

"Zinanitia kichefuchefu."

"Kichefuchefu? Una mimba?" mkewe Kezia akamtania.

Wageni walicheka. Yuster hakucheka. Alikuwa anamtazama Tata machoni. Palipokuwa peupe pamekuwa pa njano kama ganda la ndizi mbivu.

Aliona, akanyamaza. Yuster aliishia darasa la tano, na mbele ya watu huona haya kusema.

Kezia alisema ni malaria. Akachemsha mubilizi, yale majani machungu. Kahigi akanywa siku tatu, huku akimeza na vidonge vya maumivu. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Choo kikapauka kama majivu. Akajikuna mpaka ngozi ikachubuka. Siku ya nne alishindwa kuinuka kitandani. Yuster akaita bodaboda bila kumwuliza mtu.

Hospitalini, Daktari Judica alivuta kope la chini la Kahigi penye mwanga wa dirisha. Akabonyeza chini ya mbavu za kulia. Kahigi akaguna.

"Ini limevimba," alisema daktari. "Njano ni alama tu. Nataka kujua chanzo chake. Unakunywa pombe?"

"Huyu ni mzee wa kanisa!" Kezia alidakia.

"Mama, wazee wa kanisa nimewatibu wengi. Mwache ajibu."

"Lubisi kidogo, kwenye harusi," Kahigi alinong'ona.

"Umewahi kuongezewa damu? Kuchanjwa chale?"

"Hapana."

"Yuko mtu wa karibu nawe aliyeugua hivi?"

"Hapana."

Yuster alijua Tata anadanganya. Miezi mitatu nyuma alikwenda na Tata kununua dagaa wa biashara kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Huko mganga aliwachanja dawa ya kuvuta wateja. Mzee wa kanisa kwenda kwa mganga ni aibu, kwa hiyo Tata alimwambia asiseme. Aliyewapeleka ni Mujuni, mvuvi rafiki yao. Mwezi uliopita Mujuni alikufa, macho ya njano, tumbo limejaa maji. Watu walisema karogwa.

Yuster akakunja mkono wa blauzi yake. Juu ya kiwiko palikuwa na mistari mitatu myeusi.

"Wembe mmoja, daktari," alisema. "Mujuni, halafu Tata, halafu mimi. Mujuni amekufa."

Kezia alishika kichwa. "Kahigi! Na mtoto wangu?"

Kahigi aligeukia ukutani.

"Umefanya vizuri kusema," daktari alimwambia Yuster. "Kuna homa ya ini inayopita kwenye damu. Hupita pia kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Kula sahani moja hakuambukizi, wala kupeana mkono. Mtapimwa wote leo."

Kipimo cha Kahigi kilionyesha homa ya ini aina ya B. Alilazwa. Akakatazwa pombe, mubilizi na kidonge chochote ambacho daktari hakukiandika. Kezia akaambiwa: mumeo akichanganyikiwa, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, mwite nesi mara moja.

Kezia na Yuster hawakuwa na ugonjwa. Wakaanza chanjo siku ileile.

Mwezi mmoja baadaye macho ya Kahigi yalikuwa meupe. Asubuhi hiyo aliomba kahawa mwenyewe, kisha akamsindikiza Yuster kwenye chanjo ya pili. Nesi alifungua sindano mpya mbele yao.

"Unaogopa?" Kahigi aliuliza.

"Hapana. Hii nimeitaka mwenyewe." Yuster alikunja mkono wa blauzi. "Ule wembe sikuutaka, Tata. Niliogopa kukuambia hapana."